Meza Iliyofika Watu Kidevuni

Majina yao wote ninayo. Hata la dereva wa pikapu, hata la mbwa wa jirani aliyebweka siku hiyo. Nilisoma mpaka darasa la tatu peke yake, lakini kichwa changu hakijawahi kutupa jina la mtu. Hapa sitayaandika. Wengine wamelala na hawawezi kunijibu, wengine wana wajukuu wanaocheza na wajukuu wangu. Nitasema shemeji, nitasema fundi, nitasema mkwe. Mwenye kujijua atajijua.

Shemeji ni ndugu mkubwa wa marehemu mume wangu. Walitoka Murang'a pamoja wakiwa vijana, wakafika Eldoret, na kila mmoja akatafuta njia yake. Mume wangu alifungua duka mjini, nyuma ya soko. Kabla ya kuweka hata pakiti moja ya chumvi alitengeneza kaunta. Alitafuta mbao nzito za mutarakwa, ule mti mwekundu wenye harufu ambao mchwa hawaugusi. Fundi wa wakati huo alipomuuliza urefu, mume wangu aliniita nisimame, akaweka mkono wake juu kidogo ya kitovu changu, akasema, "Hapa. Huyu ndiye atakayesimama."

Nilikuwa na mimba ya msichana wetu wa kwanza, na kweli nikasimama. Miaka kumi na minane nilisimama nyuma ya ile kaunta. Nilikata sabuni ya mche juu yake kwa kisu mpaka ikapata alama kama chale. Nilipima mafuta taa pale, mafuta ya kupikia, sukari wakati ilipopatikana, na wakati haikupatikana nilisimama hapo hapo nikitukanwa. Rais wa kwanza alipokufa tulishusha picha moja ukutani tukatundika nyingine, na chini ya ile nyingine nikaendelea kusimama. Mteja akiingia, hata awe mkubwa namna gani, ananiangalia uso kwa uso na kuniambia, "Mama duka, nisaidie." Hiyo ndiyo heshima niliyoijua mimi.

Mwaka uliofuata ule wa njaa, tulipokula mahindi ya manjano, mume wangu akafa kwa kifua. Matanga hayajapoa, shemeji akaniambia duka ni la ukoo. Nikaenda kwa chifu. Chifu alinisikiliza huku anakata kucha. Alipomaliza mkono mmoja akaniuliza, "Mama, una watoto wangapi?"

"Wawili."

"Wavulana?"

"Wasichana."

"Sasa si wataolewa? Na duka lifuate nani?" Akaanza mkono wa pili.

Shemeji alikuwa mtu wa chama pale tawini, yule wa kuwaambia watu wapige makofi saa ngapi. Ningeenda wapi tena? Nikahamia Langas, kwenye kiploti ambacho mume wangu alikinunua zamani na ambacho shemeji hakukitaka kwa sababu ya matope. Nyumba ya mbao, chumba kimoja na jiko. Mbele nikapanda sukuma wiki na vitunguu vya kuuza, na pembeni, kwenye ua wa kayaba, ule mmea wa miiba, nikaacha mahali pa nyasi. Nyumba ilikuwa ndogo, na mtu anahitaji mahali pa kutoka.

Miaka mitatu baadaye msichana wangu mkubwa akaniambia kuna mwalimu, Mkalenjin wa upande wa Kesses, na kwamba wazazi wake wanataka kuja. Nilimfahamu huyo kijana. Alikuwa mpole, ananisalimia kwa mikono miwili. Sikuwa na ubaya naye. Lakini maneno ya msichana yanataka mwanamume wa kwao, kwa hiyo nikavaa leso safi nikaenda dukani kwa shemeji. Nasema kwake, ingawa lilikuwa letu. Mdomo umezoea.

"Waje kwangu Kapsoya," akasema hata kabla sijamaliza. "Nina nyumba ya mawe. Nina sofa. Kwako watakalia nini? Ndoo?"

Wateja wakacheka.

Msomaji aelewe hapa nilikuwa napigania nini, maana si viti. Kwetu, msichana husemewa katika boma analotoka, na mwenye boma ndiye mzazi. Wale wazee wakikaa kwa shemeji, basi shemeji ndiye aliyemzaa, na mimi ni mama wa jikoni. Duka alikuwa ameshachukua. Mtoto nilisema hapana.

"Watakuja kwangu Langas," nikamwambia. "Viti vitakuwepo."

"Vya wapi?"

 Nikatokea mlango wa nyuma ili wasione macho yangu, na hapo nje, imeegemea ukuta wa choo, kuku wamelala juu yake, ikawa ndiyo kaunta yangu. Shemeji alikuwa ameweka wavu wa chuma dukani, ule wa kuzuia wezi, mteja anapitisha mkono kwa tundu kama mfungwa. Kaunta ilitupwa huko mvuani.

Nikarudi ndani. "Ile mbao ya nje una kazi nayo?"

"Ile? Chukua. Pasua kuni, upikie wakwe zako." Wateja wakacheka tena.

Siku hiyo hiyo nilitafuta mwenye mkokoteni. Ile kaunta ilipakiwa mkokotenini na wanaume wanne, wakiguna. Njia nzima mpaka Langas watu wananiuliza, "Mama, unahamisha benki?" Nami nawajibu, "Ndiyo, na wewe sikuoni kwenye foleni." Sijui nguvu ya kucheka niliitoa wapi. 

Fundi wangu alikuwa jirani, mzee mfupi mwenye penseli sikioni. Aliizunguka ile kaunta mara mbili, akaigonga kwa ngumi.

"Mama, mimi natengeneza vitanda na majeneza. Vitu vyangu vyote watu hulalia. Hii ya kukaa itakuwa mara ya kwanza."

"Utaweza?"

"Mtu aliyeketi si ni nusu ya aliyelala? Nitaweza."

Tulifanya kazi wiki mbili. Nasema tulifanya, kwa sababu mimi ndiye niliyesugua ule uchafu wa kuku kwa maji moto na mchanga, mimi niliyetoa misumari ya zamani nikainyoosha juu ya jiwe ipate kutumika tena. Mbao ya juu, ile nene, tuliiacha nzima iwe meza. Zile mbao za mbele na za mbavu tukazifanya mabenchi mawili marefu. Egemeo la benchi tulilitengeneza kwa mabanzi, yale maganda ya magogo yanayotupwa kwenye mashine ya mbao. Nilimwambia asiyachonge, ayaache na gome lake, na yalipendeza, yakaonekana kama yameota pale. Alipotaka kupiga randa juu ya meza nilimzuia.

"Hizi alama za kisu ziache."

"Zitamkwaruza mgeni."

"Akwaruzwe."

Halafu tukaja kwenye miguu. Miguu ya kaunta ilikuwa minene kama ya tembo. Fundi akapima, akaweka penseli, akaniambia, "Hapa nikate. Meza ya kukalia si kaunta. Ukiacha hivi itamfika mtu kidevuni."

Nikasimama mbele ya ile mbao. Nikaweka viganja viwili juu yake kama nilivyoweka miaka kumi na minane. Ilinikaa vizuri kabisa, mikono ikaenda mahali pake yenyewe. Nikamwambia, "Usikate. Iko sawa."

"Umeipima ukiwa umesimama, mama."

"Nimesema usikate. Kazi ya kusimama hapa ni yangu, si yako."

Akarudisha penseli sikioni. Sitamlaumu kamwe. Alisema. Na msichana wangu naye, alipokaa kwenye benchi kujaribu, alicheka akasema, "Mama, najiona kama mtoto wa nasari." Nikamjibu yeye ni mfupi, amefuata watu wa baba yake. Mimi mwenyewe sikukaa hata siku moja. Mwenye duka hakai. Anajaribu kitu chake akiwa amesimama, na kikimfaa amesimama anajua kinafaa.

Kuna jambo lingine nililiongeza kwa akili zangu. Langas ya siku hizo benchi la nje halikumaliza siku mbili kabla ya kuibwa. Kwa hiyo nikamwambia fundi aunganishe mabenchi na meza kwa boriti chini, kisha miguu yote aiongeze urefu na kuichimbia ardhini, kimo kibaki kile kile. Tuliipaka oili chafu ya gari, sehemu ya udongoni mara tatu, tukashindilia mawe. Hata ng'ombe wawili wasingeing'oa. Nikalala nikiwa na furaha.

Wakaja Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Alhamisi, nyasi zimelewa maji, lakini asubuhi hiyo jua likatoka. Wageni walikuwa wanane, baba wa kijana, mama yake, wajomba, shangazi, nao wamebeba maziwa yao kwenye vibuyu vilivyopambwa shanga. Upande wetu kulikuwa na shemeji, mke wake, na mzee mmoja wa ukoo aliyetolewa Turbo kwa ajili ya siku hiyo. Shemeji alikuja na pikapu ya kukodi, suti ya kijivu, beji ya chama kifuani. Alipoona ile meza kwenye ua wa kayaba, inang'aa, kitambaa cheupe juu, alisimama kwanza. Niliona ameitambua. Nikaona moyo wangu unaumuka kama unga wa mandazi.

Baba wa kijana, mzee mrefu mwenye fimbo, akapitisha mkono pembeni mwa mbao, akanusa vidole.

"Hii ni tarakwet."

"Sisi tunaita mutarakwa, Mzee."

"Ala! Basi tayari tuna neno moja. Yaliyobaki ni madogo." Wote wakacheka. "Ni nani amekutengenezea?"

"Ni mimi nimeitoa..." nikaanza.

"Ni mbao ya duka letu," shemeji akasema. "Nilimpa."

 Mbele ya wakwe mtu hagombani. Nikasema tu, "Karibuni mkae."

Wakakaa.

Ningeomba ardhi inimeze na mawe yake yote niliyoshindilia. Wazee sita wamekaa mstari, na juu ya ule mti wangu mzuri mnaona kofia, macho, na ndevu zimelala kwenye kitambaa. Mzee wa ukoo, ambaye miaka ilikuwa imemkunja, alionekana kipaji cha uso peke yake. Mjomba mmoja alijaribu kuweka viwiko juu, mabega yakaenda masikioni kama tai anayekausha mbawa. Shangazi wa kijana akaziba mdomo kwa leso. Kisha mzee wa ukoo akauliza kwa sauti kutoka huko chini, "Nani amezima mchana?"

Walicheka mpaka mbwa wa jirani akabweka. Hata mimi nilicheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha mtu anayeanguka.

"Tusogeze benchi nyuma," mjomba akasema. Wakavuta. Wakavuta tena. Ilikuwa imechimbiwa.

Baba wa kijana alijaribu kuniokoa, Mungu amweke pema. Alisimama, akaegemea ile meza kwa mkono mmoja, akasema, "Hii nimeielewa. Mama duka, nipimie sukari kilo moja na unipe msichana mmoja. Tuongee tukiwa tumesimama, miguu bado ninayo."

Nami nilikuwa upande wa pili, nimesimama, viganja juu ya mbao, ananiangalia uso kwa uso. Labda dakika nzima nilikuwa mzazi wa mtoto wangu. Halafu mzee wa ukoo akatikisa kichwa.

"Maneno ya msichana hayasemwi kwa miguu. Anayesimama ni mpita njia. Tukisimama, kesho mtu atasema hatukuwepo."

"Nipeni nusu saa," nikasema. "Fundi yuko hapo jirani, aje na msumeno."

Shemeji alikuwa ameshasimama, anapangusa suruali. Hakupaza sauti. Hakuwa na haja. "Shemeji yangu, wageni wasubiri seremala? Watu wazima hawa? Kwangu kuna sofa. Pikapu iko hapo nje." Akawageukia. "Wazee, mtusamehe. Huyu ni mjane, amejaribu. Twendeni nyumbani."

Nyumbani. Hilo neno alilitamka polepole.

Nikamfuata mpaka kwenye lango. Nikamwambia kwa Kikikuyu, chini chini, ili wageni wasielewe, "Niache hili moja. Duka umekula. Niache hili." Akanijibu kwa Kiswahili, kwa sauti, akitabasamu, "Usijali, mama, chakula kitatufuata." Wanaume wote na shangazi wakapanda, na mzee wa ukoo akainuliwa kama gunia. Mke wa shemeji alikaa mbele na dereva. Msichana wangu aliitwa naye, kwa sababu lazima aulizwe kama anakubali. Alipanda nyuma akiniangalia. Mimi sikuitwa. Sufuria ziliitwa. Dereva alikuja akabeba kuku, chapati na mukimo wa viazi, akaacha ndizi na chai.

Aliyebaki alikuwa mama wa kijana. Wenzake walimwita, akasema gari linamsumbua tumbo. Pikapu ilipokata kona akanigeukia.

"Uongo. Nikienda huko nitakaa jikoni kwa mtu. Heri nikae jikoni kwako."

Tulikula ndizi zetu kwenye ile meza, yeye upande mmoja, mimi upande wa pili, wote tumesimama. Alinimiminia maziwa ya kibuyu, yale yenye majivu, nami sikuwa nimezoea, nikayanywa.

"Nzuri hii," akasema, akipitisha kidole kwenye alama za kisu. "Ulikuwa unakata nini?"

"Sabuni."

"Na wewe ulipoolewa, mkwe, mama yako aliongea?" akaniuliza.

"Alikuwa anapika."

"Wangu pia." Akatafuna kidogo. "Basi kijana wangu akimchezea mtoto wako, uniambie mimi. Usimwambie yule wa suti."

Hicho ndicho nilichopata siku hiyo, na nilikipata kwa mwanamke ambaye naye hakuulizwa kitu.

Jua lilipokuwa linaelekea upande wa Turbo pikapu ikarudi na wageni na msichana wangu. Shemeji alishuka akiwa ameshiba, tai imelegea. "Tumemaliza vizuri. Harusi ni Desemba."

"Mmekubaliana nini?"

"Mambo ya wazee." Akampa mama wa kijana mkono kumsaidia kupanda. Mimi nilikuja kujua walichokubaliana wiki iliyofuata, na aliyeniambia ni huyo mkwe, sokoni, kati ya mafungu ya nyanya.

Jioni hiyo msichana wangu alisaidia kuosha vyombo. Sahani ya mwisho ikiwa mkononi akasema, "Mama, ungemwacha fundi akate tu."

"Baba yako ndiye aliyepima."

"Alikupima wewe ukisimama dukani. Hakunipima mimi siku yangu."

Sikumpiga, ingawa mkono uliinuka. Alikuwa amesema kweli. Nilitaka wakae kwangu, na pia nilitaka waniangalie uso kwa uso nikiwa nimesimama, kama mteja anavyomwangalia mwenye duka. Vyote viwili havikuingia kwenye meza moja.

Jumatatu nilimwita fundi. Alikata miguu minne bila kuniuliza kitu, akaketi, akaweka viwiko juu, akasema, "Sasa." Nilimpa chai hapo. Ni meza nzuri. Tangu siku hiyo watu wamekaa wakala, wamelia hapo, wamecheza karata, na kila mgeni huisifu na kuniuliza fundi ni nani. Huwa nawaambia alikuwa fundi wa majeneza.

Desemba ilipokaribia, kadi za harusi zikachapishwa mjini. Juu kabisa, mahali pa wazazi wa bibi harusi, palikuwa na jina la shemeji na la mke wake. Dereva wa pikapu alipita Langas akigawa nyumba kwa nyumba. Alipofika kwangu alitafuta kwenye bahasha, akapata yangu, akanipa, akaenda kwa jirani.